Mtihani wa Mkurugenzi Mkuu wa Uzee Mwema

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumatano, siku ambayo serikali imeifanya kuwa ya mapumziko. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu, na mwenye kuitambua aitambue kimoyomoyo. Mimi nilikuwa mpima mvua wa serikali. Kwa miaka thelathini na mmoja nilipima mvua katika wilaya isiyonyeshewa, nikaandika sifuri kila asubuhi kwa mwandiko mzuri, kisha nikastaafu kwa heshima. Silalamiki. Nasimulia tu niliyoyaona nikiwa kwenye foleni ya Mfuko wa Uzee Mwema, ambako nilikuwa mtu wa thelathini na tisa kati ya arobaini na wawili.

Mfuko wa Uzee Mwema ni chombo cha kujivunia. Kila mtumishi wa umma hukatwa sehemu ya mshahara wake tangu mwezi wa kwanza wa kazi, ili siku akichoka apewe chake kwa mkupuo, ale, aezeke nyumba, azikwe vizuri. Kukata hufanywa na mashine, na mashine hiyo haijaharibika hata siku moja. Kulipa hufanywa kwa mkono.

Mfuko pia hutuelimisha. Kila mtumishi aliyebakiza miaka mitano kazini huitwa kwenye semina, akapewa soda na kijitabu cha kurasa nane kiitwacho *Uzee Haupigi Hodi*. Ukurasa wa pili unasema uweke akiba nusu ya mshahara wako. Wa tatu unasema nusu iliyobaki usiitumie ovyo. Wa nne unashauri uepuke kuwa na ndugu wagonjwa. Wa tano hadi wa saba ni picha za Mkurugenzi Mkuu akiwa ameshika kuku. Wa nane ni bei ya kijitabu, ambayo hukatwa na ile mashine.

Mwalimu Sikudhani Mapinda alikisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na saba katika shule ya msingi ya mji wetu. Mwanamke mwembamba, mjane, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumchapa mtoto kwa sababu macho yake yalitosha. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Wa pili alikuwa Mwalimu Yoramu Nguku, aliyefundisha darasa la jirani, mtu wa mizaha mwenye kifua kibovu. Hawa wawili walikuwa wameupanga uzee wao kabla kijitabu hakijatungwa. Walikusudia kuunganisha viinua mgongo vyao wanunue mashine ya kusaga nafaka, waiweke karibu na soko. Nguku na mkewe, Mama Anyesi, wangeiendesha, na Sikudhani angeshika daftari. Walikuwa wameshakubaliana hata rangi ya mlango.

*

Dirisha namba tisa lilihudumiwa na Bi. Stumai, mwanamke wa makamo, mwenye adabu, aliyeonekana kuumia kila tulipomsalimia. Tulifika kila Jumanne, na Jumanne moja ya mwaka wa tatu, Sikudhani alimtaka aeleze bila kuzunguka.

"Majalada yenu yametimia, wazee wangu," alisema Bi. Stumai. "Fomu zipo, picha zipo, alama za vidole zipo, hata zile za nyayo tulizowadai kimakosa zipo. Kinachosubiriwa ni Kanuni ya Kumi na Nne."

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema hesabu ya mafao ya kila mstaafu itaandikwa na Mkurugenzi Mkuu kwa mkono wake mwenyewe, hatua kwa hatua, na kutiwa saini. Ikishafika hapa, mimi nalipa. Sina mamlaka ya kukataa, na hakuna mtu mwingine mwenye mamlaka hayo. Ila haijawahi kufika."

"Hata moja?"

"Hata moja, tangu aingie."

"Hesabu yenyewe ni ngumu?"

"Mshahara wa mwisho, zidisha kwa miaka ya kazi, kisha toa asilimia tano ya matunzo ya bendera."

"Darasa la tano hilo," alisema Sikudhani.

Kanuni ya Kumi na Nne ilitungwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Profesa Daktari Mhandisi Fulgensi Malekano, siku alipoapishwa. Alisimama mbele ya Rais akatangaza kwamba jasho la mzee halipaswi kupita mikononi mwa makarani, na kwamba kila hesabu ataiandika yeye. Watu walipiga makofi. Rais alitokwa na chozi. Ikawa sheria kabla ya chakula cha mchana.

"Malekano," alisema Nguku kwenye benchi. "Si yule Fulgensi wako wa darasa la nne, aliyekuwa akiishiwa vidole anahesabia vya wenzake?"

"Ndiye," alisema Sikudhani.

"Basi tumekwisha, dada yangu." Nguku alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kutulia.

Ndivyo tulivyoujua ukweli, na tulivyoujua ndivyo ulivyokuwa. Mkurugenzi wetu hakuwa na ubaya nasi. Hakujua kuzidisha, basi. Angeweza kumwomba mtu amkokotolee naye anakili, lakini mtu ambaye angemwomba angejua, na profesa hawezi kuishi katika jengo moja na mtu anayejua. Hati za wakandarasi alizisaini bila shida kwa sababu zilimfikia zikiwa zimeshajumlishwa na wakandarasi wenyewe.

*

Daktari alimwambia Nguku anunue dawa ya kifua. Nguku alisema atanunua akilipwa. Sikudhani alimpa kidogo alichokuwa nacho, Mama Anyesi akauza cherehani, dawa ikanunuliwa ya wiki mbili, na wiki mbili zikaisha.

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye benchi, akiwa mtu wa pili kwenye foleni. Alimwegemea Sikudhani begani kama aliyesinzia. Sikudhani hakumsogeza. Alikaa vile vile mpaka dirisha lilipofungwa kwa ajili ya chakula, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Naomba watu wanne wenye nguvu."

Katika foleni yetu watu wanne wenye nguvu hawakuwapo. Tukambeba wanane.

Mfuko ulimshughulikia marehemu kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiona. Siku ya tatu jalada lake lilipigwa mhuri wa LIMEFUNGWA. Mama Anyesi alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba mafao ya marehemu yatahesabiwa kwa Kanuni ya Kumi na Nne, kama ya watu walio hai, kwa sababu Mfuko haubagui.

Mwezi uliofuata ikawa Siku ya Wastaafu. Tuliketishwa juani mbele ya jumba la Mfuko, jumba la ghorofa arobaini, ambazo kumi na moja zimejengwa na nyingine zipo kwenye mchoro. Malekano alipanda jukwaani akiwa na suti nyeupe.

"Wazee wangu," alisema, "uzee si umri. Uzee ni mradi, na mradi bila mpango ni ndoto ya mchana. Wapo wanaokaa kusubiri serikali. Mimi nasema, fuga kuku. Kuku mmoja ni mayai, mayai ni kuku wengine, na kuku wengine ni utajiri. Nina furaha pia kuwatangazia kwamba mkakati wetu unazaa matunda. Mwaka huu idadi ya wastaafu wanaoudai Mfuko imepungua kwa mmoja. Tukiendelea na kasi hii, deni litakwisha lenyewe."

Bendi ilipiga. Mama Anyesi alikuwa ameketi mstari wa pili na kanga yake nyeusi. Aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Sikudhani alikuwa upande wangu wa kulia. "Mpima mvua," aliniambia, "umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Huyu nitamlipa."

Nilidhani ni jua limempiga, maana aliyekuwa akidaiwa ni Malekano, si yeye.

*

Sasa ikatokea habari ya keki, ambayo magazeti yetu hayakuiandika na kila mtu anaijua.

Rais alikuwa na wageni kumi na sita kutoka nje. Mwisho wa karamu, Waziri wa Fedha aliombwa akate keki vipande kumi na sita vilivyo sawa. Waziri aliitazama keki kwa muda, akaitazama tena kutoka upande mwingine, kisha akaunda kamati. Kamati ilipoleta ripoti, wageni walikuwa wameshaondoka na keki ilikuwa imeingiwa na sisimizi.

Rais aliona aibu, na aibu ya Rais ni amri. Asubuhi yake alitangaza kwamba kila mkubwa serikalini alete, ndani ya majuma matatu, uthibitisho wa mwalimu wake wa shule ya msingi kwamba anajua hesabu. Asiye na rekodi nzuri afanye mtihani upya, utungwe na mwalimu yule yule na kusimamiwa na mkaguzi wa elimu. Atakayepatikana na uthibitisho wa uongo atafungwa miaka kumi na minne.

Hofu iliyoingia mjini ni ya kusikitisha. Wakubwa walianza kuulizana kwa upole kuhusu afya za walimu wao. Sheria ilisema kwamba aliyefiwa na mwalimu atahesabiwa kuwa anajua hesabu, hivyo waliofiwa walipongezwa. Mkuu mmoja wa bandari alimwekea mwalimu wake kaburi la marumaru, akajuta mwalimu alipokuja kulitazama.

Malekano naye aliagiza ofisi yake ichunguze kama Mwalimu Sikudhani Mapinda yu hai. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo, limepigwa mhuri: yu hai bila shaka yoyote, kwani amesaini kitabu cha wageni cha dirisha namba tisa kila Jumanne kwa miaka mitatu.

Alituma dereva na gunia la mchele, mfuko wa sukari na barua. Sikudhani aliupokea mchele akaupeleka kwa Mama Anyesi, sukari pia. Barua aliirudisha, kwa sababu ilikuwa na makosa manne ya tahajia, aliyoyapigia mstari mwekundu.

Kesho yake akaja mwenyewe. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimepita kuomba maji ya kunywa, na maji ya kwake yalikuwa matamu kiasi kwamba nilipita siku zote kumi na mbili zilizofuata.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Malekano, akiwa amesimama uani baina ya walinzi wawili.

"Marahaba, Fulgensi. Umenenepa. Kaa pale."

Pale palikuwa na kigoda. Alikalia.

"Mwalimu, wewe ni kama mama yangu," alianza. "Tusisumbuane. Saini ni kitu cha nukta moja, na mimi sitakusahau."

"Rekodi yako ninayo. Hesabu, tatu kwa hamsini."

"Hiyo rekodi haiwezi kupotea?"

"Wanaojua kupoteza majalada ni ninyi, baba. Mimi sikufundishwa." Alichukua ubao mdogo akauegemeza ukutani. "Nitakufundisha. Utafanya mtihani, ukifaulu nitasaini, usipofaulu sitasaini. Walinzi wakae nje, wananiharibia darasa. Saba mara nane?"

Malekano alitazama vidole vyake.

"Usiangalie huko," alisema Sikudhani.

*

Nasema kweli: alimfundisha. Hakumdhihaki, hakumrukisha hatua. Alimmwagia punje za mahindi kwenye ungo akamtaka apange saba saba, kisha nane nane, mpaka jasho likalowesha suti. Siku ya nne alijua jedwali la saba. Siku ya sita alizidisha tarakimu tatu kwa mbili bila kuombwa arudie. Siku ya nane alifikia asilimia, na hapo kilimtokea kitu usoni.

"Kumbe ni mia tu, imegawanywa," alisema.

"Ni hiyo tu."

"Mwalimu, nimekiogopa kitu hiki miaka thelathini na mitano." Alifanya hesabu nyingine, ikatoka. Akafanya ya tatu, ikatoka, akacheka peke yake. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, lakini kicheko kilikuwa cha yule wa darasa la nne, ambaye nadhani hakuwahi kukitoa alipokuwa na umri huo.

Sikudhani alimtazama kwa muda mrefu. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai na kipande cha muhogo. Nikajiambia, basi, ameshamsamehe. Walimu ndivyo walivyo.

Malekano alikuwa amechangamka, na mtu akichangamka hupayuka. "Unajua, Mwalimu," alisema, "yale majalada ya wazee yapo kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Niliyapa mgongo ili nisiyaone. Lakini wazee nao ni wabishi. Kila Jumanne wapo. Mmoja alinifia pale kwenye benchi kwa ukaidi tu, akaniharibia wiki nzima."

Sikudhani alisimama na kikombe mkononi. Kisha akageuka, akakirudisha ndani pamoja na muhogo. Aliporudi alikuwa na chaki.

"Tuendelee," alisema. "Mshahara wa mwisho wa mtumishi ni laki tatu na arobaini elfu. Amefanya kazi miaka thelathini na mitatu."

*

Mtihani ulifanyika Jumamosi, katika darasa la nne la shule ile ile, kwenye dawati ambalo Mkurugenzi aliingia kwa kusukumwa. Mkaguzi wa elimu alikaa mbele na mhuri wake. Sikudhani alikuwa ametunga maswali arobaini na mawili, kila swali katika ukurasa wake.

"Maelekezo," alisoma. "Mtahiniwa ataandika kila hatua kwa mkono wake. Juu ya kila ukurasa ataandika jina kamili na cheo, na chini atatia saini, isije ikasemwa kwamba mtihani umefanywa na dereva."

"Busara," alisema mkaguzi.

Malekano alifungua ukurasa wa kwanza. Mwalimu S.M. amefanya kazi miaka thelathini na saba, mshahara wake wa mwisho ni kadha. Zidisha, kisha toa asilimia tano. Ukurasa wa pili, Mwalimu Y.N., miaka thelathini na mitatu. Aliandika kwa furaha ya mtu aliyepata baiskeli mpya. Katika ukurasa wa thelathini na tisa alikuta mpima mvua fulani, akatabasamu.

"Mwalimu," alisema alipofika mwisho, "maswali yanafanana sana."

"Hesabu ni kurudia, Fulgensi."

Alikosa mawili. Sikudhani alimrudishia ayasahihishe, kama kanuni za shule zinavyoruhusu, akayapata. Arobaini na mawili kwa arobaini na mawili. Mkaguzi alipiga mhuri kila ukurasa, akisema hajawahi kuona kazi safi namna hiyo serikalini.

Ikabaki fomu ya uthibitisho. Sehemu ya mwalimu ilikuwa fupi, naye aliijaza: *Amefaulu mtihani niliompa leo.* Sehemu ya pili ilikuwa tamko la mhusika: *Nathibitisha kwamba najua hesabu tangu mwaka ______.*

"Weka mwaka huu," alisema Sikudhani.

Malekano alikunja uso. "Nikiweka mwaka huu, Rais atauliza huko nyuma nilikuwa nafanya nini. Naweka mwaka niliomaliza darasa la saba."

"Una hakika? Wino huu haufutiki."

"Nina hakika, Mwalimu."

"Fikiri tena."

"Nimefikiri."

"Mkaguzi umesikia," alisema Sikudhani, akamsukumia kalamu.

*

Jumanne Malekano alikuwa Ikulu akivishwa nishani ya hesabu. Sisi tulikuwa dirisha namba tisa. Sikudhani alizipitisha karatasi arobaini na mbili chini ya kioo, zimepangwa kwa mpangilio wa foleni.

Bi. Stumai alisoma ya kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Huu ni mwandiko wake?"

"Wake. Na mhuri ni wa serikali."

"Hatua kwa hatua," alisema Bi. Stumai kama anayesali. "Jina, cheo, saini." Alizipitia zote, akalinganisha kila moja na jalada lake, na jalada lililofungwa la Nguku akalitoa chini kabisa akalipangusa vumbi kwa kiganja. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Anyesi, akafungua droo ya mihuri.

"Wazee wangu," alisema, "naomba mniwie radhi kwa kuwaweka."

Alilipa Jumanne yote, Jumatano ofisi ikiwa imefungwa akalipa kupitia mlango wa nyuma, na Alhamisi akaendelea. Mama Anyesi alipokea ya marehemu mumewe, akaifunga kwenye pembe ya kanga, akaenda moja kwa moja kuuliza bei ya mashine. Walilipwa watu thelathini na wanane. Ilipofika zamu yangu, benki ilipiga simu kusema kwamba Mfuko wa Uzee Mwema wa nchi nzima, uliokatwa kwa mashine kwa miaka arobaini, umeisha.

Silalamiki. Mtu lazima awe wa thelathini na tisa.

Lakini nilipiga kelele kidogo, na wenzangu watatu waliokuwa nyuma yangu walipiga kubwa zaidi, na Bi. Stumai hakufunga dirisha ili kelele zisizuiwe. Zikafika Ikulu, ambako nishani ilikuwa bado haijapigwa picha.

*

Tume iliundwa, na kwa kuwa Rais alikuwa na hasira, Tume ilifanya kazi. Iligundua kwamba fedha zetu zilijenga zile ghorofa zilizopo kwenye mchoro, na kwamba kila hati ya kulipia ghorofa hizo ilikuwa na saini ya Malekano. Hati moja ilionyesha vyumba ishirini vya bei fulani, na jumla yake ilikuwa ya vyumba mia mbili.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi ulijaa. Malekano alivaa suti ya kijivu, na wakili wake aliongea vizuri mno.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema wakili, "mteja wangu hakuiba. Alidanganywa na wakandarasi. Mtu asiyejua kuzidisha atajuaje kwamba vyumba ishirini vimekuwa mia mbili? Hakujua hesabu. Ana rekodi ya darasa la nne, tatu kwa hamsini, na mwalimu wake yumo humu ukumbini. Tunaomba aulizwe."

Sikudhani aliitwa. Alitembea taratibu, akaapa, akaketi. Malekano alimwangalia kwa macho ya kusihi, na midomo yake ilikuwa ikitamka *Mwalimu, Mwalimu*, bila sauti.

"Rekodi hii ni yako?" aliuliza Mwenyekiti, jaji mzee mwenye sikio moja zito.

"Ni yangu. Darasa la nne alipata tatu kwa hamsini."

Wakili alitabasamu. Mwenyekiti akainua karatasi nyingine. "Na hii fomu? Hapa mshitakiwa ameandika kwamba alijua hesabu tangu alipomaliza darasa la saba. Kati ya darasa la nne na la saba alijifunza au hakujifunza? Ulimfundisha wewe. Tuambie, ni kweli alijua?"

Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona mkono wa Sikudhani umetulia juu ya mkoba wake. Angeweza kusema hapana, na Malekano angepona wizi. Angeweza kusema ndiyo, na angekuwa amedanganya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Mheshimiwa," alisema, "alichoandika ameandika mwenyewe, na nilimwambia afikiri mara mbili. Muulizeni yeye. Mwalimu hamjibii mtahiniwa."

Mwenyekiti alimgeukia Malekano. "Simama. Kama ulijua hesabu, uliziona hati hizo na ukasaini wizi. Adhabu yake ni miaka saba. Kama hukujua, fomu hii uliyompelekea Rais ni ya uongo. Adhabu yake ni miaka kumi na minne. Ulijua au hukujua?"

Wakili alianza kunyanyuka, Mwenyekiti akamwonyesha kiti.

Malekano alisimama muda mrefu. Alimtazama wakili, akamtazama Mama Anyesi aliyekuwa mstari wa mbele na kanga yake ile ile, akatazama dari. Safari hii hakutazama vidole. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ya mtu anayetoa namba ndogo kwenye kubwa.

"Nilijua," alisema.

"Miaka saba," alisema Mwenyekiti, akagonga meza.

Jibu lilikuwa sahihi. Sikudhani, pale kwenye kiti cha shahidi, aliinua kidole cha shahada akamwekea alama ya vema hewani, akachukua mkoba wake, akateremka.